Sahihi Isiyomtegemea Mwenyewe

Kwa muda wa miaka 26, tangu 1985 hadi nilipostaafu mwaka 2011, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo kwenye mteremko wa Mlima Meru, upande ule ambao ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka na watoto hufika shuleni miguu imelowa umande. Katika miaka hiyo nilitia sahihi yangu kwenye karatasi nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu: vyeti vya kumaliza shule, barua za uhamisho, hati za kupokea chaki na madawati, barua za kumtambulisha huyu na yule. Nilikuwa na sahihi nzuri. Nasema hivyo bila majivuno, kama vile seremala anavyoweza kukisifu kiti chake. Niliibuni jioni moja nilipokuwa chuo cha ualimu, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la saikolojia, na tangu siku hiyo sikuibadilisha.

Sikufikiri hata mara moja kwamba ningekuja kuandika juu ya jambo hili. Aliyenifanya niandike ni mjukuu wangu.

Mjukuu huyu ni binti wa mwanangu wa pili. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta katika ofisi ndogo pale mjini Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Jumamosi moja ya masika alipanda kuja kutuona. Bodaboda alimshusha barabara kuu kwa sababu ya tope, akamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Baada ya kula loshoro ya bibi yake alifungua kompyuta yake mpakato mezani, akaniambia, "Babu, leo nina kazi inayokuhusu. Wenye shule kadhaa za binafsi wanataka programu ya kutoa vyeti visivyoweza kughushiwa. Lazima nichague aina ya saini."

"Saini huchaguliwa?" nilimwuliza. "Mimi nilidhani mtu huwa nayo."

"Hii huchaguliwa, Babu. Na ukichagua vibaya, ni heri usingekuwa nayo kabisa."

Mvua ilikuwa inapiga bati, hakuna pa kwenda, nasi tukakaa mezani mpaka taa zikawashwa. Mengine niliyaelewa mara moja. Mengine ilibidi nimrudishe nyuma, kama nilivyokuwa nikirudishwa nyuma na wanafunzi wangu. Hebu nijaribu kumweleza msomaji kwa maneno yangu mwenyewe.

Sahihi ya kalamu ni mchoro. Wengi hudhani kwamba sahihi ya kidijitali ni picha ya mchoro huo, iliyopigwa na kubandikwa kwenye karatasi ya kompyuta. La hasha. Picha ya namna hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuikata na kuibandika kwingine. Sahihi ya kidijitali ni namba ndefu inayotokana na hesabu. Mtia sahihi ana funguo mbili, nazo pia ni namba: mmoja wa siri, ambao hampi mtu yeyote, na mwingine wa wazi, ambao anaweza kuutangaza hata sokoni. Huchukua maandishi ya cheti, herufi kwa herufi, akayakokotoa pamoja na ufunguo wa siri, na jibu lake ndilo sahihi. Mtu yeyote mwenye ufunguo wa wazi anaweza kuikagua sahihi hiyo, lakini hawezi kuitengeneza. Ukibadilisha herufi moja tu, ukaandika B palipokuwa na C, ukaguzi unakataa. Wazo hili lilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman huko Marekani mwaka 1976. Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakapata njia ya kulitekeleza, ambayo huitwa RSA kwa herufi za kwanza za majina yao ya ukoo.

Tulipofika hapo nilimwambia asimame kidogo. "Unasema anayekagua cheti hana haja ya kumwuliza aliyetia sahihi?"

"Hana haja, Babu. Hata kama aliyetia saini ameshafariki."

Nilinyamaza. Bibi yake aliuliza kama nasikia baridi. Haikuwa baridi.

Mwaka 1989, mwezi wa Oktoba, nilianguka na baiskeli nikitoka mjini, nikavunjika mkono wa kulia. Hospitali walinifunga plasta ngumu kuanzia karibu na vidole hadi juu ya kiwiko. Vyeti vya darasa la saba vya mwaka ule vilikuwa vinasubiri, na wazazi hawakuacha kuja kuviulizia. Nilivitia sahihi vyote 63, nikiishika kalamu kwa ncha za vidole viwili, na ile sahihi yangu nzuri ikatoka kama nyayo za kuku aliyepita juu ya unga.

Mwaka 1996 ilikuja barua kutoka ofisi moja ya mkoa mwingine. Ndani yake mlikuwa na nakala kivuli ya cheti, na swali: je, cheti hiki kilitolewa na shule yako? Nilikitazama kile kikwaruzo kilichokuwa juu ya jina langu, nikacheka. Daftari la kutolea vyeti lilikuwa kabatini, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Sikuinuka. Nilijibu kwa mstari mmoja: sahihi iliyo kwenye cheti hiki si yangu. Chini yake nikaweka sahihi yangu nzuri, na juu ya sahihi nikagonga muhuri wa shule.

Baada ya wiki tano kijana mmoja alisimama mlangoni pa ofisi, akavua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Aliutazama mkono wangu wa kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, siku ile mkono wako ulikuwa na plasta. Mimi ndiye niliyekushikia karatasi isiteleze."

Nilikumbuka palepale. Karatasi zilikuwa zinateleza juu ya meza kwa kuwa mkono wa kushoto nao ulikuwa na michubuko, na nilimwita mvulana mmoja aje anisaidie. Alizishika kwa viganja viwili, moja baada ya nyingine, na cha kwake kilipofika alitabasamu.

Ningependa kumwambia msomaji kwamba niliandika barua ya kusahihisha kosa siku ileile. Sikuandika. Nilimwambia nitalishughulikia, naye akaenda zake. Nilikuwa na umri wa miaka 45, nimezoea kuaminiwa, na kuandika kwa mkono wangu kwamba mwalimu mkuu hakuitambua sahihi yake mwenyewe kulinishinda. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ikafika miezi miwili. Nilipoipeleka barua, jibu lilikuja kwamba nafasi imekwisha kujazwa. Alikuwa karani wa ghala, kazi yake ya kwanza ya mshahara. Leo ni mkulima wa mahindi na maharage. Tukikutana siku ya soko pale Ngaramtoni huniamkia kwa heshima ileile, na shikamoo yake hunielemea kuliko tusi.

Ndiyo sababu nilinyamaza. Ukweli wa cheti cha yule kijana ulikuwa umefungiwa mahali pawili, ndani ya kumbukumbu yangu na ndani ya kiburi changu, na vyote viwili vilimwangusha. Kama angekuwa na cheti ambacho karani yeyote angeweza kukikagua bila kuniandikia mimi, angebaki kazini.

Mjukuu wangu alisubiri, kisha akarudi kwenye kazi yake.

"Sasa, Babu, hesabu zenyewe siziandiki mimi. Nazichukua kwenye maktaba."

Nilifikiri anasema maktaba ya mkoa. Alicheka sana. Kumbe maktaba, kwa waandishi wa programu, ni mkusanyo wa programu ndogondogo zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa na wengine, ambazo mtu huzitumia ndani ya programu yake, kama fundi anavyonunua bawaba dukani badala ya kufua chuma mwenyewe. Katika mambo ya sahihi na siri, aliniambia, sheria ya kwanza ni kutojitungia. Mwerevu anayejitungia hesabu zake mwenyewe huona ni ngumu kwa kuwa yeye ameshindwa kuzivunja. Mwizi hana habari na kushindwa kwake.

Maktaba moja kubwa huitwa OpenSSL, iliyoanza mwaka 1998. Ukiifungua unakuta sahihi za kila namna: RSA, DSA, ECDSA, Ed25519, na nyinginezo. Nyingine ni libsodium, iliyotoka mwaka 2013, nayo ni kinyume chake. Ukiomba kutia sahihi inakupa Ed25519 tu, haikuulizi maswali. Mimi nilisema mara moja kwamba ile yenye vingi ndiyo bora, maana mchele mwingi haukosi mlaji. Mjukuu akaniuliza, "Babu, ulipokuwa unawapa watoto wa darasa la kwanza wembe wa kuchongea penseli, uliwapa wa aina ngapi wachague?"

Nilimjibu kwamba sikuwapa wembe. Nilichonga mwenyewe.

"Basi umeshaelewa," alisema.

Alinieleza kuhusu DSA. Hii ilipendekezwa mwaka 1991 na NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, ikawa kiwango rasmi mwaka 1994. ECDSA ni ndugu yake mdogo, yenye hesabu za namna nyingine lakini zenye tabia ileile. Tabia yenyewe ni hii: kila mara unapotia sahihi, mbali na ufunguo wako wa siri, unahitaji namba nyingine ya siri, mpya kabisa, ya kutumika mara moja na kutupwa. Ukitia sahihi kwenye vyeti viwili tofauti kwa namba ileile, umekwisha.

Nilimwuliza kwa nini. Akachukua kalamu, na hapo nilifurahi, maana alichoandika kilikuwa hesabu ninayoijua. Sahihi moja ni mlinganyo mmoja wenye herufi mbili zisizojulikana: ufunguo wa siri na ile namba ya mara moja. Mlinganyo mmoja wenye herufi mbili hauna jibu moja. Ungeweza kukesha mwaka mzima. Lakini sahihi mbili zenye namba ileile ni milinganyo miwili yenye herufi zilezile mbili, na hiyo kijana yeyote wa sekondari huitoa kwa dakika tano. Namba zenyewe ni kubwa mno, lakini njia ni ileile ya ubaoni. Mwizi akishaupata ufunguo wa siri, anatia sahihi yako juu ya lolote atakalo, na hakuna karani duniani atakayeweza kuitofautisha na ya kwako.

Jambo hili limekwisha kutokea. Desemba 2010, kwenye mkutano mmoja mjini Berlin, vijana walionyesha kwamba kampuni ya Sony ilikuwa imetia sahihi za ECDSA kwenye programu za mashine yake ya michezo, PlayStation 3, kwa kutumia namba ileile kila mara. Milinganyo miwili, herufi mbili. Ufunguo wa siri ukapatikana. Agosti 2013 ikagundulika kwamba kwenye simu za Android chombo cha kubahatisha namba kilikuwa na kasoro, namba za mara moja zikajirudia, na watu wakaibiwa fedha zao za Bitcoin.

"Kanuni yenyewe ilikuwa na kosa?" niliuliza.

"Hapana, Babu. Kanuni ilisema wazi kwamba namba isirudiwe. Kosa ni kumtegemea mtu aikumbuke kila siku."

Hapo nikakumbuka jambo nililolisikia zamani kwa mkaguzi wa maandishi ya mikono, lililonishangaza kwa kuwa lilikuwa kinyume cha nilivyodhani. Hakuna binadamu anayetia sahihi mara mbili zikalingana kabisa. Mkono hubadilika kwa njaa, kwa haraka, kwa baridi, kwa uzee. Mkaguzi akiona sahihi mbili zinazolingana kila mkunjo na kila nukta, hasemi hizi ni za mtu mmoja. Hushuku kwamba moja imechorwa juu ya nyingine. Kujirudia kabisa ndiko dalili ya hila. Mimi nilimhukumu kijana wa watu kwa sababu sahihi yake haikufanana na zangu nyingine, wala sikujiuliza mkono wangu ulikuwa katika hali gani siku ile.

Ed25519 ilitangazwa mwaka 2011 na Daniel Bernstein pamoja na wenzake wanne. Waliitengeneza wakijua kwamba watu husahau na vyombo huharibika. Ile namba ya mara moja bado ipo, ila haibahatishwi wakati wa kutia sahihi. Inakokotolewa kutokana na siri ya mwenye ufunguo na maandishi yenyewe, kwa hiyo maandishi yakiwa mengine, namba nayo ni nyingine, bila mtu kufanya uangalifu wowote. Hata ECDSA inaweza kutiwa kwa namna hiyo. Thomas Pornin aliandika utaratibu wake mwaka 2013. Lakini lazima uchungulie kama maktaba uliyoichagua inaufuata utaratibu huo au haiufuati, na wengi hawachungulii.

Nilimwambia mjukuu kwamba sasa kazi imekwisha, achukue Ed25519 akapumzike. Akatikisa kichwa. Kuchagua kanuni, au algorithimu kama wanavyoiita wao, ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuchagua nani ameiandika. Kichocheo cha pilau ni kimoja, lakini wapishi ni wengi, na wapo wanaounguza.

Akanipa mfano wa mwaka 2022, nao ulinikaa moyoni zaidi ya yote. Lugha ya Java hutumiwa na mashirika mengi duniani. Katika toleo la 15, ile sehemu ya kukagua sahihi za ECDSA iliandikwa upya. Sahihi ya namna hiyo ni namba mbili, na kanuni inaagiza kwamba kabla ya hesabu yoyote uhakikishe hakuna sifuri. Walioandika upya waliliacha sharti hilo. Tokeo lake ni kwamba mtu akileta sifuri mbili, yaani karatasi tupu, mkaguzi alisema: sahihi ni halali. Halali kwa cheti chochote, kwa jina la yeyote. Kasoro hiyo ilidumu hadi toleo la 18, mpaka Neil Madden alipoigundua, na ikarekebishwa Aprili 2022.

"Sasa fikiria," alisema, "walioijaribu kwa saini nzuri waliona inafanya kazi vizuri kabisa."

Niliwahi kuwa na mwalimu wa zamu wa namna hiyo. Aliwaita watoto majina, na kila jina likaitikiwa "Nipo!" Siku nilipojificha nyuma ya dirisha nikagundua kwamba wavulana watatu walikuwa wanaitikia kwa niaba ya darasa zima. Mwalimu yule alijua kumpokea aliyepo. Hakuwahi kujaribu kumwita asiyekuwepo. Mkaguzi mzuri hupimwa kwa anachokikataa. Mjukuu aliniambia kuwa Google ilitoa mwaka 2016 mkusanyo wa majaribio uitwao Wycheproof, uliojaa sahihi mbovu za kila namna, zenye sifuri, zilizokatwa, zilizorefushwa. Maktaba yoyote anayotaka kuitumia huipitisha hapo kwanza. Isiyokataa zinazostahili kukataliwa haingii kwenye kazi yake.

Kisha lipo suala la ukubwa, nalo ni la karatasi hasa. Wenye shule wanataka cheti kichapishwe, kiwe na kile kimraba chenye vidoa vyeusi ambacho simu hukisoma, na sahihi ikae ndani yake. Kimraba kikijaa mno, vidoa huwa vidogo, na cheti kikishakunjwa na kulowa mara mbili tatu simu haisomi tena. Sahihi ya RSA yenye ufunguo wa biti 2,048 huchukua baiti 256. Ya Ed25519 huchukua 64. Mimi niliyeona vyeti vikihifadhiwa chini ya godoro na ndani ya mfuko wa rambo juu ya dari nilisema: chukua ndogo.

Na ile DSA ya zamani je? Februari 2023 taasisi ileile iliyoileta ilitoa kiwango kipya kinachosema isitumike tena kutia sahihi mpya. Ibaki kwa kukagua zile za zamani tu. Nilipenda uungwana huo. Mzee anastaafu, lakini maneno aliyoyasema alipokuwa kazini yanaendelea kuheshimiwa.

Hata Ed25519 itastaafu. Tangu Peter Shor alipoonyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta za kwanta, zikiwa kubwa za kutosha, zitaweza kuzivunja sahihi za RSA na ndugu za DSA, wataalamu wamekuwa wakitafuta nyingine, na Agosti 2024 NIST ilitoa viwango vya mbili, ML-DSA na SLH-DSA. Ndogo kabisa ya ML-DSA ni ya baiti 2,420, na kimraba cha aina kubwa kabisa hubeba baiti 2,953. Itakuwa kama kumbebesha punda nyumba. Cheti cha shule kinapaswa kuishi miaka 40. Mjukuu ameamua kutumia Ed25519 kwa sasa, na kutunza daftari la vyeti vyote vilivyotolewa, ili siku ikifika vitiwe sahihi upya kwa kanuni mpya. Nilimwambia alitunze daftari hilo hatua chache kutoka kwenye kiti, na zaidi ya hayo, ainuke alifungue.

Tulibishana jambo moja tu. Yeye alisema kwamba sahihi hizi zitamaliza udanganyifu. Mimi nilimkumbusha Aprili 2017, serikali ilipotangaza kwamba watumishi wa umma 9,932 wamekutwa na vyeti vya kughushi. Kwa vyeti kama hivyo, ambavyo havikutolewa na yeyote mwenye mamlaka, sahihi yake ni dawa. Na sheria ipo: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua sahihi ya kielektroniki. Lakini mwalimu mkuu akimwandikia mtoto wa rafiki yake alama asizozipata, kisha akatia Ed25519 juu yake, hesabu itasema ni halali, na itakuwa kweli: ni halali, na ni uongo. Sahihi husema nani kasema, na kwamba maneno hayajaguswa. Haisemi kama msemaji ni mkweli.

Tena lipo la kuuweka ufunguo wa siri. Muhuri wangu niliufungia kwenye droo, na ufunguo wa droo niliuficha ndani ya kopo la chaki, mahali ambapo walimu wote walipajua. Nilipomweleza hivyo alishika kichwa. Katika programu yake ufunguo hautakaa kwenye kompyuta ya mwalimu mkuu hata kidogo. Utakaa ndani ya chombo maalumu kinachotia sahihi bila kuutoa nje. "Si kwamba siwaamini walimu wakuu, Babu," alisema. Nilimwambia aseme tu kwamba hawaamini, maana ninawajua kuliko yeye.

Basi hilo ndilo nililojifunza meza ileile niliyokuwa nikisahihishia madaftari. Nilipokuwa kazini niliamini kwamba usalama wa cheti unatokana na uangalifu wa mwenye kalamu. Siku nilipochoka, nilipovunjika mkono, nilipojivuna, uangalifu haukuwepo, na aliyelipa gharama hakuwa mimi. Kati ya sahihi nyingi zilizo kwenye maktaba zao, ya kuchagua ni ile iliyotengenezwa na mtu aliyejua kwamba mtia sahihi atachoka.

Usiku ule, kabla ya kulala, mjukuu alihitaji jina la kujaribia programu yake. Nilimtajia jina la yule kijana, mwaka 1989, na alama zake, ambazo nazikumbuka zote. Akaandika, akatia sahihi, akakigeuza kimraba upande wangu. Simu yangu ilikisoma ikasema: halali. Akabadilisha herufi moja ya jina. Ikasema: si halali. Aliirudisha herufi mahali pake, ikawa halali tena. Simu haikuniuliza mimi neno lolote.

Kulipokucha nilifungua sanduku langu la bati, nikatoa nakala ya kaboni ya ile barua yangu iliyochelewa miezi miwili. Sikuwahi kumwonyesha yule kijana. Alijua tu kwamba kazi haikurudi. Siku ya soko niliikunja mara mbili, nikaitia mfuko wa koti, nikateremka kwenda Ngaramtoni. Nilimkuta kando ya magunia yake. Alivua kofia akafumbua kinywa kuniamkia, nami nikanyosha mkono wenye karatasi kabla hajaniamkia.